Picha ya Hewa Iliyofungwa

4 Februari

Shangazi, shikamoo.

Mbegu za haradali zimefika, na mifuko yako haijaachia hata uzi mmoja. Mtunza mashine wetu ameisifia mishono. Tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu hamruhusu mtu kuingia chumba cha sumaku kabla hajamwaga mezani funguo, mkanda, saa na vibanio vya nywele. Mimi humwachia vibanio tisa kila asubuhi, na hutoka huko kichwa kikiwa kama ufagio.

Umeniuliza mara mbili kazi hii ni ya nini, na mara zote mbili nilikujibu kisomi ili uache kuuliza. Nisamehe. Leo nakujibu kama mtu.

Unajua pale kiwandani kwa Baba chumvi mbichi humwagwa juu ya sahani kubwa ya matundu, halafu hewa ya moto hupulizwa kutoka chini mpaka chumvi yenyewe inachemka kama maji. Tatizo ni kwamba hakuna anayeona hewa inapita wapi humo ndani. Mashine yetu ni ndugu yake ile ya hospitali inayopiga picha ndani ya mtu, ila hii imesimama wima, na badala ya mgonjwa tunaingiza bomba la plastiki lenye haradali zako. Chumvi haina mafuta, haradali inayo, na mashine huona mafuta. Penye mbegu panang'aa, penye hewa pana giza. Chini ya bomba kuna sahani ndogo ya plastiki, ile aliyoitoboa Baba kwa mkono wake, mfano halisi wa ile kubwa aliyoitoboa kiwandani nikiwa darasa la pili.

Na picha ilitoka. Upande wa kushoto, juu kidogo ya sahani, pana giza kubwa lisilohama. Nikaandika kwamba hewa inatorokea kushoto. Profesa wangu alifurahi, na ripoti ikapelekwa kiwandani, maana wao ndio waliotuomba tuchunguze kwa nini chumvi yao inaganda upande mmoja.

Baba nilimtumia picha hiyo Novemba, kubwa, ya rangi. Tangu siku hiyo hajaniandikia. Mtu aliyekuwa akiniandikia kila mwezi, hata kama habari yenyewe ni bati linalovuja. Amenikasirikia?

Mwanao,
Chembe

*

19 Februari

Chembe wangu, marahaba.

Baba yako mzima. Anakula, analala, anagombana na redio. Hajakuandikia kwa sababu kidole kinamuuma, ndiyo hivyo tu, usitafute mengine.

Picha yako iko ukutani sebuleni, juu ya redio hiyohiyo. Kila anayeingia anaonyeshwa, hata yule bwana anayesoma mita ya maji. Jirani alipoiona alinikumbatia na kunipongeza, akidhani ni picha ya mimba yako. Nilimwambia ni mimba ya haradali, akaenda zake akinitazama vibaya.

Mzigo unaofuata nimeuchekecha kwa chekecheke zote mbili kama ulivyoagiza, mbegu kubwa zimebaki juu, ndogo zimepita, za katikati ndizo zako. Mifuko nimeishona kwa mkono safari hii. Cherehani nimeipumzisha kidogo, nayo imezeeka kama mwenyewe.

Usinipigie simu. Nyumba hii kuta zake ni karatasi, na baba yako ana masikio ya mtu aliyesikiliza mitambo miaka thelathini. Andika, na anwani iwe jina langu.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Kidole gani? Cha mkono upi? Na mbona niandike kwa jina lako peke yako?

Huku kuna jipya. Tumepata gesi nzito ambayo mashine inaiona yenyewe. Mpaka sasa tulikuwa tukiona mbegu, na hewa tunaikisia kutokana na giza. Wiki ijayo itakuwa kinyume: mbegu zitakuwa giza, gesi ndiyo itang'aa. Kwa hiyo pale kushoto pangu patawaka kama taa, na hakuna mtu atakayeweza kunibishia.

Bwana Funguo ameniomba picha moja ya zamani ili ailinganishe na hizo mpya. Nimemwambia nitaitafuta. Si jambo kubwa, sijui hata kwa nini nakuandikia hilo.

Mwambie Baba namsalimia. Mwambie pia sahani yake ndogo bado haijapata hata ufa.

Chembe

*

30 Machi

Mwanangu,

Kidole hakiumwi. Nimekudanganya, na tangu nikudanganye sijapata usingizi mzuri, kwa hiyo kaa chini usome.

Ripoti yako ilipofika kiwandani, meneja aliita watu wote. Picha yako ikatandazwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Akasema sahani ilitobolewa vibaya tangu mwanzo, ndiyo maana chumvi inaganda. Baba yako akasimama. Akasema matundu yako sawa, akasema chumvi inatoka kwenye uoshaji ikiwa na maji mengi, waende wakaangalie huko. Kijana mmoja wa ofisini akamjibu, "Mzee, si sisi tunaosema. Ni binti yako mwenyewe." Watu wakacheka. Baba yako akaketi.

Hayo nimeyapata kwa fundi mwenzake. Yeye mwenyewe hajanieleza neno.

Tangu Desemba wamemtoa kwenye mtambo, wamemweka getini kuandika namba za malori. Anaondoka asubuhi na sare yake ileile iliyopigwa pasi, na kalamu mfukoni. Januari ikaletwa sahani mpya kutoka mbali. Ile yake wakaitupa uani. Na unajua nini? Chumvi bado inaganda. Upande uleule.

Sasa kuna karatasi. Wanataka akubali kwa maandishi kwamba alitoboa vibaya, kisha apumzishwe kwa heshima, hivyo ndivyo walivyoliita. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Aprili.

Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Mtoto ana mitihani yake." Nimevunja ahadi. Akijua, mwambie nimelazimishwa.

Shangazi

*

9 Aprili

Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya Baba, nikaichana. Ya pili na ya tatu pia.

Tulipiga picha ya gesi. Pale kushoto hapakuwaka. Palikuwa giza. Fikiria: picha ya mbegu inasema hapa hakuna mbegu, na picha ya gesi inasema hapa hakuna gesi. Sasa kuna nini?  Bwana Funguo alifunga hewa, akaziacha mbegu zilale kimya, akapiga picha tena. Mbegu zimelala, hakuna kinachopita, bomba zima lilipaswa kung'aa kutoka ukingo hadi ukingo. Giza langu lilikuwa palepale.

Tukafungua bomba. Kwenye mpira unaobana sahani, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha chuma kimejichimbia, kidogo kuliko punje ya mchele. Chuma kikiingia kwenye sumaku huharibu picha eneo kubwa mara nyingi kuliko chenyewe. Nilikuwa nikimwaga mbegu na kujaza nyingine, giza linabaki, nami nikasema ona, ni la kudumu, basi ni kweli. Kumbe chenyewe kilikuwa hakitoki. Nadhani kilidondoka kutoka karakana yetu.

Matundu ya Baba hayana kosa lolote.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Hiyo picha ya hewa iliyofungwa ni sheria ya chumba chetu. Ndiyo ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, na kwenye daftari ina mstari wake unaotiwa tiki. Siku ile ya Oktoba niliyopata picha yangu, mashine ilichelewa kuachwa na wenzangu, nikabakiwa na dakika arobaini. Nikaruka. Na nikatia tiki. Ndiyo picha ambayo Bwana Funguo aliniomba mwezi uliopita, nikamwambia nitaitafuta, huku nikijua haipo.

Ningeweza kukwambia ni haraka tu, lakini si haraka. Jioni ile nilibaki na dakika sita za ziada na ningeweza kuipiga. Nililitazama giza lile, lilikuwa limenyooka, zuri, jibu kamili, nikaogopa kuligusa. Nilitaka liwe kweli. Kwa ajili ya giza hilo Baba alisimama mbele ya watu akaketishwa kwa jina langu.

Profesa anajua habari ya chuma. Ya tiki hajui. Bwana Funguo nadhani anajua, maana ananisalimia kwa adabu sana siku hizi. Naona haya hata kuingia kantini. Uso wangu sijui niuweke wapi, na bado sehemu yangu moja inaniambia nyamaza, chuma kitachukua lawama yote, na tiki itafia daftarini. Nakuandikia ili mtu mwingine awe ameshasikia, nisiweze kuisikiliza sehemu hiyo.

Baba ameshatia sahihi?

Chembe

*

16 Aprili

Chembe,

Kabla ya yote, nijibu. Hicho kipande kina ncha? Na karibu na ncha kina tundu?

Usinitafutie karakana. Sindano ya mkono ina tundu kichwani. Ya cherehani ina tundu huku chini, karibu na ncha. Kama kina tundu huko, basi ni changu.

Ilikuwa Septemba, nikishona mfuko wa kwanza. Pale pembeni kitambaa kilikunjika mara nne, sindano ikagonga, ikakatika. Unajua nilivyowafundisha nyote katika nyumba hii. Sindano ikikatika hakuna kuinuka kitini mpaka vipande vyote viwili viwe kiganjani. Nimeshona sare za watoto miaka ishirini na sita na sikuwahi kupoteza kipande. Siku ile nilipata cha juu. Cha chini nilikitafuta, nikapapasa mbegu, nikapapasa sakafu, na macho yangu, mwanangu, macho yangu hayaoni tena kitu cha ukubwa ule. Baba yako alikuwa ameshaniambia niiache cherehani kabla sijajitoboa. Nikamsikia anaingia. Nikajiambia kimeanguka kwenye ufa wa sakafu, nikafunga mfuko, nikauliza chai iko wapi.

Ndiyo maana mifuko ya mwisho niliishona kwa mkono. Si kwamba cherehani imechoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi ndiye niliyekishona humo. Miezi yote hii namtazama kaka yangu akipiga pasi sare ya kwenda kuhesabu malori, na sikujua kwamba nina mkono. Sasa najua. Nimekaa naye mezani leo asubuhi nikashindwa kumtazama. Aliniuliza kama naumwa.

Kuhusu sahihi, sijui. Hasemi. Karatasi ilikuwa kwenye droo ya meza ya redio, juzi nikafungua, haimo. Usingoje posta. Na ukiwaandikia wakubwa wako, andika jina langu na kazi yangu, uwaambie ni bibi mmoja asiyeona.

Shangazi yako

*

22 Aprili

Shangazi,

Kina tundu. Nilikiona siku ileile tulipofungua bomba, nikajua papo hapo. Hilo la karakana nilikutungia.

Lakini jina lako sikuliandika, na wala usinigombeze, si kwamba nakuficha. Sindano yako ingekuwa ajali ya robo saa. Ningepiga picha ya hewa iliyofungwa, ningeona giza, ningefungua bomba, ningecheka, ningekuandikia kukutania kwamba unataka kunishonea mashine. Ni mimi niliyeigeuza kuwa ripoti.

Nilimwendea Profesa jana na daftari mkononi. Nilimfungulia ukurasa, nikamwonyesha tiki. Aliniuliza kama kuna tiki nyingine za aina hiyo. Nikasema hakuna. Akasema, "Tutazipitia zote." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Makala yetu inaondolewa, nami sitagusa mashine mpaka Oktoba. Nilipotoka Bwana Funguo alikuwa mlangoni, akanirudishia vibanio vyangu tisa kwenye kikombe, kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha vitu vya marehemu.

Meneja wa kiwanda nimemwandikia barua pepe, Profesa naye ameongeza yake. Nimesema wazi: picha ilikuwa na kasoro, mwanafunzi hakufanya ukaguzi na akaandika kwamba ameufanya, sahani haina kosa, fundi alisema kweli. Nimeomba isomwe mbele ya watu walewale, pale ilipotandazwa picha. Bado siku nne.

Ndani humu kuna bahasha ya Baba. Mpe mkononi. Kama ataitupa, usiiokote.

Chembe

*

5 Mei

Mwanangu,

Bahasha yako nimeisoma mara mbili. Shangazi yako naye ameniambia ya kwake, amesimama mlangoni kama mtoto wa shule, mkononi ameshika kipande cha juu cha sindano. Nilimwambia aketi. Sasa niko na wanawake wawili wanaolia, mmoja kwa barua na mmoja jikoni, kwa hiyo nitaandika upesi.

Karatasi nilitia sahihi tarehe kumi na mbili. Hawakunilazimisha. Walinipa mpaka tarehe ishirini na sita, mimi nikaipeleka mapema.

Sahani yangu walipoitupa uani, nilikwenda nayo kando wakati wa mapumziko, siku tisa mfululizo. Matundu mia nne na tisa. Niliingiza ncha ileile ya keekee niliyotobolea katika kila tundu, moja baada ya jingine. Yote sawa. Kwa hiyo tangu Januari nilijua kwamba picha yako haisemi kweli. Nilijua hata kabla, ulipoituma. Nimeusikiliza mtambo ule miaka yote hiyo. Hewa ikitoroka upande mmoja hukohoa. Mtambo wangu haujawahi kukohoa.

Unauliza kwa nini sikuandika. Ningeandika nini? Nikisema picha ina kosa, nakuvunja. Nikisema haina, naongopa, nami sikutaka kukuongopea kwa mwandiko wangu. Nikanyamaza. Nikajiambia, mimi nimekula chumvi nyingi, na nyingine nimeikausha mwenyewe. Jina langu likichafuka halina safari ndefu. Lako ndiyo kwanza linaanza. Nikatia sahihi ili mtu asije akarudi kuuliza ni nani aliyeisoma picha vibaya.

Tarehe ishirini na tano meneja alisoma barua yako mbele ya zamu nzima. Aliisoma yote, hakuruka hata pale penye tiki. Yule kijana wa ofisini alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha meneja akaishika karatasi yangu kwa mkono mwingine, akaniuliza, "Mzee, kama sahani ilikuwa sawa, hapa ulitia sahihi nini?"  Watu wakajua mambo mawili kwa mpigo, kwamba sikukosea, na kwamba niliandika uongo. Miaka thelathini ya daftari la zamu sijawahi kuandika joto ambalo sikulisoma. Nilisimama pale nikaona haya kuliko siku waliponicheka.

Lakini hilo nalo si lenyewe. Lenyewe ni hili. Nilipokuwa nikisikiliza barua yako, jinsi ulivyojitaja bila kujipunguzia, nilitambua kwamba miezi mitano nilikuwa nikikuhesabu dhaifu. Nilidhani ukweli huu ungekuvunja, nikakufichia, kama vile si mimi niliyekulea. Hilo ndilo linaloniuma, nami nakuomba radhi kwa hilo peke yake.

Wameniita uoshaji. Nikaenda, nikasimama, nikasikiliza. Pampu moja ya kunyonya maji inavuta nusu, ndiyo maana chumvi ya upande mmoja hufika kwenye sahani ikiwa na maji. Wanabadilisha wiki ijayo. Getini wameweka mtu mwingine, ila hawajasema kama narudi kwenye mtambo au napumzika, na mimi sijauliza.

Picha yako bado iko ukutani. Shangazi yako anataka niitoe, anasema kila akipita anaona sindano yake. Nimekataa. Siwezi kuacha msumari mtupu juu ya redio. Oktoba watakapokurudishia mashine, asubuhi ya kwanza kabisa, kabla hujafungua hewa, piga ile uliyoiruka. Mbegu zimelala, hakuna kinachopita, bomba zima linang'aa. Haina habari yoyote ndani yake, najua. Nitumie hiyo, nitaiweka mahali pake.

Baba yako